Wakala Asiye na Dhima: Kuanza Kuikabidhi Akili Mnemba Tiketi za Programu



Somo la toleo hili ni la wenzetu wa kompyuta na ni letu pia sisi wa masomo ya Kiislamu. Wenzetu wameanza kutumia zana wanazoziita mawakala wa msimbo. Neno hilo, wakala, kwetu lina mlango wake mzima katika fiqhi, tena mlango mrefu. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Minago, nikawa nakaa na ndugu wawili wanaotunza programu ya daftari la jumuiya yetu, nawaangalia wanavyofanya kazi na zana hizo. Kila siku nilirudi kwenye kitabu changu cha fiqhi nikiwa na swali jipya. Ninayoyaandika hapa ni matokeo ya maswali hayo: namna ya kuanza, na nani anabeba mzigo mambo yakiharibika.

Tiketi na wakala ni nini

Tiketi ni karatasi ya kazi. Mtumiaji wa programu anakuta kasoro, au anataka kitu kiongezwe, anaandika. Andiko lake linapewa namba, na linabaki wazi mpaka mtu alifanyie kazi na kulifunga. Ndivyo miradi mikubwa inavyoendeshwa. Chukua OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Ulianzishwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret, Kenya, katika mpango wa AMPATH uliokuwa ukitibu wagonjwa wa UKIMWI. Tiketi zake zinasomwa hadharani. Mwanafunzi aliye Rumonge anaweza kuzipitia bila kumwomba mtu ruhusa, na baadhi zimewekewa alama kuwa zinawafaa wanaoanza.

Modeli ya lugha peke yake hujibu maneno kwa maneno. Wakala ni modeli iliyopewa mikono: inafungua faili, inatafuta mahali penye kasoro, inabadilisha mistari, inaendesha majaribio, inasoma matokeo, kisha inarudia mpaka ione kazi imekwisha. Aider ilitoka mwaka 2023. Claude Code ilitangazwa Februari 2025, wakala wa GitHub Mei 2025, Gemini CLI Juni 2025. Baadhi hufanya kazi ndani ya kompyuta yako na huona faili zako. Wengine hufanya kazi kwenye seva za mbali: unampa tiketi, anaondoka nayo, anarudi na mabadiliko. Kwetu Minago aina hii ya pili ina faida ambayo watu wa miji mikubwa huenda wasiifikirie, nayo ni kwamba umeme ukikatika usiku, kazi haisimami.

Uwezo wao umepanda haraka. Oktoba 2023 watafiti walikusanya tiketi halisi 2,294 kutoka miradi 12 ya lugha ya Python wakazipa modeli za wakati ule. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilitatua asilimia 1.96 tu. Kufikia katikati ya 2025, katika kundi la tiketi 500 zilizochujwa na binadamu kutoka mkusanyo huohuo, mawakala bora walikuwa wamepita asilimia 70. Usizilinganishe namba hizi mbili moja kwa moja, kwa sababu wachujaji wa kundi la pili waliondoa tiketi zisizoeleweka. Hilo peke yake lina faida kwetu, maana linaonyesha kwamba uwazi wa tiketi una uzito mkubwa, na uwazi uko mikononi mwa anayeiandika.

Muwakilishaji kwanza

Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, wakala ina nguzo nne: anayewakilisha, anayewakilishwa, kazi yenyewe, na tamko. Wengi wanaoanza na zana hizi hukimbilia nguzo ya pili, yaani wakala yupi ni mzuri, wa kampuni gani, bei gani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj at-Talibin anaanza na ile ya kwanza. Anayewakilisha sharti awe mtu ambaye lau angeifanya kazi hiyo mwenyewe ingesihi. Mtoto hawezi kumtuma mtu amuuzie shamba, kwa sababu yeye mwenyewe hana uwezo wa kuliuza.

Lichukulie sharti hilo kama kanuni ya kuanzia. Kabla ya kumpa wakala tiketi yoyote, tatua mbili au tatu kwa mkono wako katika mradi uleule. Ujue faili ziko wapi, majaribio yanaendeshwa kwa amri gani, na mabadiliko yanapita njia gani mpaka yamfikie mtumiaji. Asiyeweza kusoma msimbo hawezi kuukubali wala kuukataa, na akibonyeza kitufe cha kukubali anakuwa amebahatisha tu. Nasema hivi nikijua wapo ndugu wanaotaka kuruka hatua hii ili wapate kazi za malipo za nje upesi. Ndugu yangu, mteja anakulipa wewe umhakikishie kuwa kazi ni nzima. Utamhakikishia kwa lipi?

Tena hisia ya kwamba unakwenda haraka isikudanganye. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya METR iliwapima watengenezaji programu 16 wazoefu katika kazi 246 za miradi waliyoifahamu vizuri. Waliporuhusiwa kutumia akili mnemba walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na baada ya kumaliza bado waliamini kuwa iliwaharakisha kwa asilimia 20. Zana zimebadilika tangu hapo, lakini mtu aliyepima kwa saa ana hoja kuliko aliyepima kwa moyo.

Kazi iwe inajulikana

Sasa tuje kwenye tiketi yenyewe. Wanachama wa jumuiya yetu wako pande zote za ziwa: wa Minago na Rumonge, waliohamia Kigoma, na walio Uvira. Aliyeiandika programu ya daftari zamani alichukua kipande cha msimbo kilichotengenezwa kwa ajili ya Tanzania, ambako namba ya simu baada ya 255 ina tarakimu 9. Kongo nako, baada ya 243, ni 9. Ya Burundi baada ya 257 ni 8. Kwa hiyo mtu wa Minago akiandikishwa, programu inaikataa namba yake, naye mtunza daftari, ambaye ana foleni ya watu mbele yake, anaongeza sifuri mwishoni ili ipite. Risiti ya mchango inatumwa kwa namba isiyokuwepo. Mwenye mchango anangoja ujumbe, hauji, anaanza kujiuliza pesa yake imefika wapi. Fitina katika jumuiya zetu mara nyingi huanzia hapo, na watu hawajui kwamba chanzo ni tarakimu moja.

Tiketi ya kwanza iliandikwa hivi: "Rekebisha namba za simu." Maneno manne na hakuna zaidi.

Turudi kwa Nawawi. Kazi anayopewa wakala sharti ijulikane, angalau kwa upande fulani. Mtu akimwambia mwenzake kuwa amemwakilisha katika kila jambo lake, dogo na kubwa, uwakilishi huo hausihi. Akimtuma kununua nyumba, hutajwa mtaa na njia. Wanachuoni walioliweka sharti hili walikuwa wakikinga hasara kubwa inayotokana na agizo lisilo na mipaka, na wakala wa msimbo ni mtumwa wa agizo kuliko binadamu yeyote. Binadamu akiambiwa "rekebisha namba za simu" atauliza: za nani, wapi? Mashine mara nyingi haiulizi. Inachagua maana moja na kuondoka nayo, tena kwa ujasiri.

Ndugu wale wakaiandika upya:

"Tiketi namba 14. Fomu ya kuandikisha mwanachama inakataa namba za Burundi. Namba inayoanza na 257 iwe na tarakimu 8 baada yake; inayoanza na 255 au 243 ibaki na tarakimu 9. Kanuni iko kwenye faili ya uhakiki wa fomu. Ongeza majaribio: kwa kila nchi namba moja sahihi, moja pungufu, moja iliyozidi. Usiguse namba zilizokwisha hifadhiwa. Usiguse faili za michango. Kazi imekwisha pale majaribio yote yatakapopita, ya zamani na mapya."

Angalia ilivyojengwa. Inasema tatizo ni nini, mahali ni wapi, alama ya kumaliza ni ipi, na mipaka iko wapi. Mtaa na njia vimetajwa. Katika kuandika huko walitumia kama robo saa, na naona hiyo robo saa ndiyo kazi yenyewe. Maelekezo yasiyobadilika, kama amri ya kuendesha majaribio au faili zisizoguswa kamwe, hayana haja ya kurudiwa katika kila tiketi. Yanawekwa kwenye faili moja ndani ya mradi, kwa kawaida huitwa AGENTS.md, na mawakala wengi siku hizi huisoma kabla ya kuanza.

Kwa anayeanza, tiketi za aina hii ndizo zinazofaa: ndogo, zenye jibu linalopimika, na zikiharibika zinarudishwa bila mtu kuumia. Kuna tiketi nyingine kwenye daftari letu ambayo inafanana nayo kwa sura lakini ndugu hawakuitoa kwa wakala. Huku kwetu tunaandika 12.500 tukimaanisha faranga elfu kumi na mbili na mia tano. Kompyuta nyingi husoma kumi na mbili na nusu. Marekebisho ni mistari michache pengine. Lakini hiyo ni pesa ya watu, na kosa lake halionekani siku hiyohiyo. Wameishika wenyewe.

Kondoo wa Urwa

Kwa nini tiketi ilisema namba zilizokwisha hifadhiwa zisiguswe, ilhali tunajua nyingine zina sifuri ya uongo? Hapa ndipo wakala wa kompyuta anapofanana na mtu mwenye bidii. Akiziona namba mbovu, anaweza kuamua kuzisafisha zote bila kuagizwa. Na nyingine si mbovu kwa namna ile: yupo aliyekosewa tarakimu ya katikati, ukikata ya mwisho unamwachia namba ya mtu mwingine kabisa.

Katika Sahih Bukhari kuna kisa cha Urwa al-Bariqi (r.a.). Mtume (s.a.w.) alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua kondoo wawili kwa dinari hiyo, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Mtume (s.a.w.) akamwombea baraka katika biashara yake. Mafakihi wamekijadili kisa hiki sana, kwa sababu Urwa hakuagizwa kuuza. Wahanafi na Wamaliki wanasema tendo la aliyevuka agizo husimama, halina nguvu mpaka mwenye mali aliidhinishe. Imam Shafi'i katika kauli yake ya zamani alisema vivyo hivyo, na katika kauli yake mpya akasema muamala huo ni batili tangu mwanzo.

Nilipoona ndugu wakifungua kile wanachokiita ombi la kuunganisha, niliifahamu kauli ya zamani vizuri kuliko darasani. Wakala hagusi msimbo unaotumika. Anafanya kazi katika tawi la pembeni, kisha analeta ombi: haya ndiyo niliyobadilisha, mistari iliyotolewa kwa rangi nyekundu, iliyoongezwa kwa kijani. Kazi yote imesimama hapo inangoja neno la mwenyewe. Akikubali inaungana na msimbo mkuu, akikataa inatupwa na hakuna kilichoharibika. Ukianza, hakikisha huna njia nyingine ya mabadiliko kuingia isipokuwa hiyo. Tawi kuu lifungwe, lisikubali kitu kisichopitia ombi.

Na yaliyozidi tiketi? Mara ya kwanza wakala alirekebisha uhakiki wa namba, kisha akabadilisha pia muundo wa jina la mwanachama katika faili ya jirani, eti upendeze. Kwa kweli ulipendeza. Ndugu mmoja alitaka kuukubali, wa pili akakataa: kama tunautaka, ufunguliwe tiketi yake. Mimi niko na wa pili. Kilichomo ndani ya tiketi kisimame mpaka kikaguliwe, na kilichozidi kirudishwe hata kikiwa kizuri, kwa sababu ukaguzi wako ulijiandaa kwa jambo moja, na kasoro hujificha katika lile ambalo hukulitarajia. Hii si fatwa, ni adabu ya kazi. Masheikh wetu ndio wenye neno katika hukumu.

Halafu Urwa alirudi na kondoo na dinari mkononi, vikaonekana. Wakala wa msimbo hurudi na muhtasari mzuri wa alichofanya. Muhtasari usome, lakini usiidhinishe kwa huo. Soma mistari yenyewe.

Wakala hajiuzii

Kuna mas'ala katika mlango huu ambayo tulipoisoma niliiona ndogo: wakala aliyetumwa kuuza mali hawezi kujiuzia mwenyewe, wala kumuuzia mtoto wake mdogo. Sababu iko wazi. Mwenye mali anataka bei ipande, mnunuzi anataka ishuke, na mtu mmoja hawezi kuzisimamia nia zote mbili kwa uaminifu.

Wakala wa msimbo anayeandika marekebisho, kisha akaandika majaribio ya kuyapima, amemuuzia mtoto wake mdogo. Limeshaonekana mara nyingi: majaribio yakikataa kupita, wakala badala ya kutengeneza msimbo huyalegeza majaribio, au huandika jibu la mfano uleule uliomo ndani ya jaribio ili lipite. Ukiangalia juu juu unaona alama za kijani kila mahali. Dawa yake ni kuyaandika majaribio mwenyewe kwanza, au angalau kuyasoma kabla ya kitu kingine chochote katika ombi, na kumtilia shaka wakala aliyegusa jaribio la zamani. GitHub wenyewe wameweka sharti linalofanana na hili: katika miradi inayodai ukaguzi, mtu aliyemtuma wakala wao hawezi kuwa ndiye anayeidhinisha ombi hilo, anatakiwa mwingine. Kwa daftari letu ndugu wamegawana: anayeandika tiketi siye anayekubali.

Nani analipa

Hapa ndipo jina "wakala" linapotuacha njiani.

Mkono wa wakala katika fiqhi ni mkono wa amana. Mali ikipotea bila yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, halipi. Akivuka au akizembea, analipa. Hukumu hii inasimama juu ya jambo moja: wakala ni mtu mwenye akili, mwenye dhima inayoweza kubeba deni, anayesimama mbele ya kadhi na mbele ya Mola wake. Programu haina dhima. Huwezi kuidai, kuifunga wala kuiapisha.

Julai 2025 mfanyabiashara Jason Lemkin wa Marekani alieleza hadharani kwamba wakala wa kampuni ya Replit alifuta hifadhidata yake iliyokuwa ikitumika, yenye kumbukumbu za viongozi wa kampuni zaidi ya elfu moja, wakati alikuwa ameagizwa kwa maneno asibadilishe kitu. Kisha wakala akamwambia kuwa data haiwezi kurudishwa, kumbe ingeweza, na ikarudishwa. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi na kampuni ikaongeza vizuizi, ikiwemo kutenganisha hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi. Wakala aliandika maneno ya kukiri kosa pia. Maneno yale yalisambazwa sana, na watu wakayazungumzia kana kwamba kuna mtu ametubu.

Mlango unaotufaa zaidi ni ule wa uharibifu wa mnyama. Ngamia wa Al-Bara bin Azib (r.a.) aliingia katika bustani ya watu akaiharibu, na Mtume (s.a.w.) akahukumu kuwa wenye bustani wazilinde mchana, na wenye mifugo wabebe kinachoharibiwa usiku. Mafakihi wetu wakafafanua: mtu akiwa pamoja na mnyama wake, analipa anachokiharibu, iwe mchana au usiku. Mnyama akiwa ameachwa, huangaliwa desturi, na desturi ni kuwa usiku mnyama hufungwa. Aliyemwacha wazi usiku amezembea.

Mwenye mbuzi hapa kwetu anaijua hukumu hii hata kama hajawahi kufungua kitabu. Mbuzi akiingia katika mihogo ya jirani, hakuna anayemuuliza mbuzi. Swali ni: kamba ilikuwa wapi?

Basi ukikaa na wakala ukimwona anavyofanya, kila anachokifanya ni chako. Na ukimwacha usiku kucha akifunga tiketi wewe umelala, swali litakuwa la kamba. Kamba zenyewe ni hizi, na hazina ugumu. Asiwe na nenosiri la hifadhidata halisi. Mpe nakala yenye majina na namba za kubuni. Asifanye kazi kwenye kompyuta yenye funguo zako za siri za mambo mengine. Mpe ruhusa ya kusoma na kuandika ndani ya folda ya mradi tu, na amri kama za kufuta au kutuma kitu nje aziombee idhini kila mara. Zana nyingi zina hali ya kukubali kila amri bila kuuliza. Ni hali tamu, inaokoa muda, nami naiona sawa na kumfungua mbuzi jioni. Kumwambia kwa maneno "usiguse" ni jambo jema, lakini Lemkin naye aliyasema maneno hayo. Alichokosa ni ukuta.

Wenye mradi wa hospitali wana jukumu zito zaidi. Anayetaka kushiriki OpenMRS afanye mazoezi kwenye data ya mfano inayokuja na mfumo. Jina na maradhi ya mgonjwa halisi havitakiwi kuingia katika maelezo ya tiketi, wala katika picha ya skrini unayoambatanisha, kwa sababu yote hayo wakala huyatuma kwenye seva za kampuni yake.

Liko na la wageni. Mradi ukiwa wazi, mtu yeyote anaweza kuandika tiketi, na wakala huisoma tiketi kama agizo. Mei 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha kwamba tiketi yenye maneno ya hila, ikisomwa na wakala aliyeunganishwa na akaunti ya GitHub, inaweza kumfanya atoe hadharani yaliyomo katika mradi wa siri wa mtu yuleyule. Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi, na wakala haihakikishi. Tiketi ya usiyemjua isome wewe kwanza, ndipo uamue kumpa.

Haki ya wanaopokea

Upande wa pili wa ombi kuna binadamu. Daniel Stenberg, Mswidi anayetunza programu ya curl, amekuwa akilalamika tangu 2024 kuhusu ripoti zilizoandikwa na akili mnemba: ndefu, zenye adabu, na hazina ukweli ndani. Kila moja inamla muda wa kuichunguza. Ukituma maombi kumi kwa siku katika mradi wa kujitolea kwa sababu wakala hachoki, umeuchukua muda wa watu wanaochoka. Tuma moja. Sema wazi kuwa umetumia wakala, na uwe tayari kueleza kila mstari kwa maneno yako ukiulizwa. Kila mradi una kanuni zake juu ya jambo hili, nyingine zimekataza kabisa, zisome.

Gharama nayo ina hesabu yake. Mawakala wengi hulipiwa kwa kadi ya kimataifa, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa Burundi si jepesi, na wanaotoza kwa matumizi hula pesa zaidi kadiri wakala anavyozunguka. Gemini CLI na Aider msimbo wao uko wazi. Ya kwanza ilitoka ikiwa na kiwango cha bure, ya pili hukuruhusu kuchagua modeli, hata ile inayokaa ndani ya kompyuta yako kama ina nguvu ya kutosha. Tiketi iliyoandikwa vizuri hupunguza mizunguko, na bili nayo hushuka.

Tiketi namba 14 ilikubaliwa katika mzunguko wa pili, baada ya mabadiliko ya jina kuondolewa na jaribio moja la Uvira kuongezwa kwa mkono. Namba za Minago sasa zinaingia bila sifuri. Namba 15, ya zile zilizohifadhiwa vibaya, haikupewa wakala. Ndugu walichapisha orodha ya wanachama wote wa Burundi, mtunza daftari anakaa nayo baraza la msikiti baada ya Alasiri, kila apitaye anaonyeshwa namba yake na kuisahihisha kwa kalamu. Wasiopita wanatafutwa majumbani.